Chikichi Lenye Joho na Neno "Asili"

Katika Kiswahili tuna neno moja tulitumialo kila siku pasipo kulipima, nalo ni asili. Twasema: mtu huyu asili yake ni mpole, yule asili yake ni mwongo, watoto wa nyumba fulani asili yao ni uvivu. Tukiisha kulitamka neno hilo twaona kwamba tumemaliza shauri, maana kitu kilicho cha asili, nani awezaye kukigeuza? Hata methali imo tayari kutusaidia: mtoto wa nyoka ni nyoka. Naye aliyehukumiwa kwa neno hili hana mahali pa kukata rufani, kwa sababu hakushitakiwa kwa tendo alilolitenda, bali kwa damu aliyozaliwa nayo.

Nataka kuuliza swali moja juu ya neno hili. Je, asili ya kitu ni yale yaliyoandikwa ndani yake, au ni yale yasomwayo katika hayo yaliyoandikwa? Msomaji ataona labda ya kuwa hii ni tofauti ndogo ya maneno tu. Namwomba avumilie, maana tutaona ya kuwa katika tofauti hii mna mashamba yaliyoharibika, na mna posa zilizovunjika. Nitalichunguza swali kwa habari za miti, na hasa mchikichi. Sifanyi hivyo kwa kupenda kupamba maneno kwa mifano ya shamba. Katika mti jambo hili limepimwa kweli kweli na kuonekana kwa macho, tena hakuna ukoo wa mtu utakaoona haya kwa yatakayosemwa.

Watu wa Kigoma, wa Burundi na wa Kongo hawana haja ya kuelezwa mchikichi, kwa kuwa wamekula mawese tangu kuachishwa ziwa. Kwa wengine nasema kwamba ni mti wa jamaa ya mnazi, wenye shina moja lisilo na matawi, uzaao mashada makubwa ya matunda, na nyama ya matunda hayo ndiyo itoayo mafuta. Kwao ni Afrika ya Magharibi. Katika mwaka 1848 miche 4 ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, katika kisiwa cha Java, na wazao wa miche hiyo minne walienea mno katika mashamba ya Sumatra na Malaya. Leo sehemu kubwa ya mafuta ya mawese duniani hutoka Indonesia na Malaysia. Ndiyo sababu habari nyingi nitakazozisimulia zimetoka huko, ingawa mti ni wetu Waafrika.

Sasa angalieni jinsi mchikichi utoavyo maua. Shada moja huwa la maua ya kiume tu. Hutoa unga, kisha hukauka. Shada jingine huwa la maua ya kike, nalo ndilo lizaalo. Mti ule ule hutoa mashada ya kiume kwa muda wa miezi, kisha hugeuka ukatoa ya kike, kisha hurudia tena ya kiume. Ukipatwa na ukame huzidisha ya kiume, na mkulima hupungukiwa. Tena lililo la ajabu ni hili, kwamba shada huamuliwa kuwa la kiume au la kike karibu miaka miwili kabla halijafunguka. Basi mkulima asimamaye leo chini ya mti wake akiulaumu kwa mashada yasiyozaa, huenda anaulaumu kwa jua la mwaka juzi, ambalo yeye mwenyewe amekwisha kulisahau.

Mti ni mmoja, na mbegu iliyouotesha ni moja. Kama asili ni maandiko tu, mchikichi huu ni mume au ni mke?

Hapa yanipasa nieleze maandiko yenyewe. Ndani ya kila chembe hai ya mti, iwe ya mzizi au ya jani, mna uzi mrefu uitwao DNA, na uzi huo ni kama kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, C, G na T. Kitabu cha mchikichi kina herufi zipatazo bilioni 1.8, nacho kimegawanyika katika sura zipatazo 35,000 ziitwazo jeni. Kila jeni ni agizo la kutengeneza kitu fulani. Chembe ya mzizi inacho kitabu kizima, hata sura zinazohusu ua, lakini hazisomi. Chembe ya ua inazo sura za mzizi, nayo hazisomi. Kama kila chembe ingesoma kila sura kwa wakati mmoja kusingekuwa na mti, kungekuwa na kelele tu.

Yako mambo ya mchikichi yaliyo ya herufi tupu, nayo ni lazima niyataje kwanza kwa haki, nisije nikadhaniwa kuwa nadharau mbegu. Iko michikichi ambayo kokwa ya tunda lake ina kifuu kinene, nayo huitwa dura. Ndiyo michikichi ya kale ya vijijini. Iko isiyo na kifuu kabisa, iitwayo pisifera, ambayo mara nyingi mashada yake ya kike hufa pasipo kuiva. Katikati yake iko tenera, yenye kifuu chembamba na nyama nyingi, nayo hutoa mafuta kupita dura karibu kwa sehemu 30 katika 100. Zamani watu walipanda mbegu za tenera wakitumaini kupata tenera, wakastaajabu kuona shambani michikichi ya namna zote tatu. Walioifumbua siri hiyo walikuwa Wabelgiji wawili, Beirnaert na Vanderweyen, katika kituo cha Yangambi penye mto Kongo, nao waliitangaza mwaka 1941. Walionyesha ya kuwa tenera si kabila la peke yake, bali ni mtoto wa dura na pisifera. Ukizioa hizo mbili, watoto wote ni tenera. Ukioza tenera kwa tenera, katika kila watoto wanne huhesabiwa dura mmoja, tenera wawili na pisifera mmoja. Mwaka 2013 wataalamu wa Malaysia na wenzao wa Marekani waliipata jeni yenyewe iletayo jambo hili, wakakuta kwamba kubadilika kwa herufi moja tu kwatosha kukiondoa kifuu.

Hapo methali ya nyoka ni kweli. Ukiutilia mti wa pisifera mbolea ya mji mzima na kuumwagilia maji usiku na mchana, kokwa yake haitaota kifuu, kwa kuwa agizo la kifuu limeharibika katika maandiko. Ndugu zetu wapendao kusema kwamba kila kitu ni malezi wangepaswa kuupasua mmoja na kuutazama.

Lakini liko jambo la pili, ambalo limekuja kutufundisha adabu.

Mchikichi hauwezi kupandwa kwa kipande cha shina kama muhogo, wala hautoi machipukizi ubavuni kama mgomba. Una moyo mmoja kileleni, na ukiukata mti umekufa. Kwa hiyo mkulima aliyepata mti mmoja uzaao kupita yote shambani mwake hakuwa na njia ya kuupata wa pili ulio sawa nao, maana mbegu zake zimechanganyika na baba mwingine. Katika miaka ya 1970 wataalamu walipata njia. Walichukua kipande kidogo cha mti bora, wakakitia katika chupa pamoja na sukari, chumvi na dawa za kukuza, hata kikawa donge. Na katika donge hilo yakachipuka machipukizi mengi, kila moja mche kamili. Miche hiyo si watoto wa mti ule. Ni mti ule ule mara nyingi, herufi kwa herufi. Makampuni yalifurahi, wakapanda, wakangoja miaka kama 3 mpaka miti ianze kuzaa.

Miti ilipozaa, mingine ilizaa vema kama ilivyotumainiwa. Mingine ilitoa tunda la ajabu, lililozungukwa na vipande vya nyama kama mtu aliyejifunika joho. Kwa hiyo Waingereza waliliita kwa neno lao lenye maana ya kuvikwa vazi. Mengi ya matunda hayo hayakuwa na mbegu. Mashada mengi yalioza kabla ya kuiva, na mafuta yakapungua mno. Walipolichunguza ua waliona kwamba viungo vyake vya kiume vilikuwa vimegeuka kuwa vya kike. Katika ua la kike pia mna mabaki madogo ya viungo vya kiume, yasiyo na kazi. Hayo nayo yaligeuka kuwa vifuko vya mbegu, yakalizunguka tunda, na hilo ndilo joho.

Ndipo lilipozuka fumbo. Miti iliyotoka katika mzazi mmoja ilisimama mstari mmoja, mmoja umezaa matunda safi na jirani yake umezaa majoho, na herufi zao ni zile zile. Kosa halikuwa katika maandiko, na hata hivyo lilikuwa ndani ya mti, maana kuutunza hakukuliondoa. Mbegu za miti yenye joho zilipopandwa hazikufuata hesabu ile ya Yangambi. Fumbo hilo lilikaa karibu miaka 30.

Jibu lilitangazwa mwezi wa Septemba mwaka 2015 na Meilina Ong-Abdullah wa Malaysia pamoja na wenzake wengi. Ili tulifahamu, yatupasa kujua kitu kiitwacho methili (msomaji asisome methali). Methili ni kitu kidogo mno, kaboni moja na hidrojeni tatu, nacho hubandikwa juu ya herufi C katika uzi wa DNA. Herufi haibadiliki, C hubaki C. Lakini mahali palipobandikwa methili nyingi, mara nyingi chembe hupapita pasipo kupasoma. Ni kama mwalimu aliyeweka alama pembeni mwa kitabu kuonyesha, Hapa tusisome leo. Tena chembe inapogawanyika kuwa mbili, si herufi tu zinazonakiliwa, bali na alama pia. Kwa hiyo chembe ya ua huzaa chembe za ua, ingawa kitabu chake ni kile kile cha mzizi. Viko pia vipande vifupi vya RNA vitembeavyo kama tarishi, vikionyesha mahali pa kubandika alama hizo.

Sasa, katika mchikichi iko jeni moja inayohusika na kutengeneza viungo vya kiume vya ua. Katikati ya sura hiyo, mahali pasipo agizo, pamekaa kipande cha kigeni, kimoja cha vile vipande virukavyo kutoka mahali hata mahali katika DNA na kujinakili vyenyewe. Kimekaa hapo tangu zamani, katika miti mizima na katika miti yenye joho vile vile. Katika mti mzima kipande hicho kimefunikwa na methili nyingi. Msomaji akifika hapo hukiruka, huendelea na agizo mpaka mwisho, na ua huwa sawa. Katika chupa, wakati donge lilipokuwa likikua, methili ilipotea katika baadhi ya chembe. Msomaji akifika hapo huingia ndani ya maneno ya kigeni, hukatisha sura njiani, agizo hutoka nusu, na kiungo cha kiume huwa cha kike.

Wataalamu walikiita kipande hicho Karma, kwa neno la Wahindu lenye maana ya matendo ya mtu yanayomrudia. Na hali ya kufunikwa wakaiita Karma njema, na hali ya kufunuliwa Karma mbaya. Mimi naona jina hilo halikufaa. Mti ule haukutenda neno lolote. Uliyarudiwa na matendo ya watu waliokuwa na haraka ya mafuta.

Wala mchikichi si peke yake. Japani uko mti wa matunda uitwao kaki, na jamaa yake mmoja wa porini ana miti ya kiume mbali na miti ya kike mbali. Mwaka 2014 Akagi na wenzake walionyesha ya kuwa mna jeni mbili zinazoshindana, nao wakazipa majina ya Kijapani yenye maana ya mti dume na mti jike. Ile ya kike huzuia viungo vya kiume visikue. Ile ya kiume, ambayo imo katika miti dume tu, hutuma RNA ndogo za kuinyamazisha ile ya kike. Katika kaki wa bustanini jambo limezidi kuwa gumu. Ile jeni ya kiume imelala, karibu haifanyi kazi, na miti iliyo nayo hutoa maua ya kiume na ya kike katika mti mmoja. Walipotazama mwaka 2016 walikuta tofauti katika methili: penye ua la kiume jeni ile ya kike imefunikwa sana, na penye ua la kike imefunuliwa. Na huko Ulaya, katika mti uitwao aspeni, mwaka 2020 ilionyeshwa ya kuwa jeni moja yatosha kuwa kama ufunguo wa mlango: ikisomwa, ua ni la kike, ikinyamazishwa, ni la kiume. Miti dume ina vipande vya jeni hiyo hiyo vinavyotoa RNA ndogo za kuifunika. Wataalamu walipoiharibu katika mti wa kike, mti huo ulitoa maua ya kiume.

Hata mpapai ulio nyuma ya nyumba una sehemu katika habari hii, ijapokuwa kwa upande wa herufi. Maana mpapai dume una kromosomu ambayo mpapai jike hauna, na hilo halibadiliki. Hata hivyo kila mtu wa pwani ameona siku moja mpapai dume umezaa mapapai machache, yakining'inia kwa vikonyo virefu, akawaita jirani zake waje watazame.

Tukirudi kwenye swali letu, naona hatuwezi tena kusema kwamba asili ni maandiko peke yake. Mchikichi wenye joho na usio na joho wana maandiko mamoja. Wala hatuwezi kusema kwamba maandiko si kitu, maana pisifera ipo. Iko asili ya herufi, na iko hali ya kusomwa, nayo hii ya pili pia imo mwilini, imo ndani, yaweza kudumu maisha yote ya mti, hata ikaonekana machoni petu kama asili. Mtu aangaliaye kwa nje hawezi kuzitofautisha. Chikichi lisilo na kifuu na chikichi lenye joho yote mawili ni matunda yaliyotoka katika kawaida, na aliyeyaona bila kuyapima angesema neno moja juu ya yote mawili: Mbegu mbaya.

Na neno hilo hasa ndilo tulitumialo juu ya watu. Kwa kazi yangu nimeketi katika mabaraza mengi ya posa. Katika moja, upande wa mvulana ulikuwa ukimkataa binti ambaye hakuna aliyeweza kumtaja kosa. Sababu ilikuwa baba yake mdogo, aliyefungwa kwa wizi, na babu yake, aliyesemwa kuwa alikuwa mtu wa mikono mirefu pia. Nilipojaribu kusema neno, mzee mmoja alinijibu kwa heshima, akasema, "Baba Mchungaji, wewe wajua vitabu, sisi twajua mbegu." Ndipo bibi mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango, shangazi wa mvulana mwenyewe, akasema, "Mbegu ipi uliyoiona, kaka? Wewe umeona tunda, tena tunda la mti mwingine." Watu walicheka kidogo. Posa ile haikuendelea.

Yule bibi hakujua habari za methili, lakini alikuwa ameliona jambo. Mzee hakuwa ameona maandiko yoyote. Aliona mwizi, na kabla yake mtu aliyesemwa kuwa mwizi, akaruka kutoka hapo mpaka kwenye damu ya msichana. Kama wizi ungekuwa kama kifuu cha kokwa, jambo la herufi moja lihesabikalo moja kwa wanne, angekuwa na haki angalau ya kuogopa. Lakini hakuna aliyepata kuionyesha herufi ya wizi. Nimewasikia watu katika mabaraza kama hayo wakitegemea lile neno tulijualo sote juu ya mti na matunda yake. Wasome tena. Neno lile lanena juu ya manabii, kwamba wapimwe kwa matunda yao wenyewe. Halikusema tumpime mtu kwa matunda ya baba yake mdogo.

Liko kosa jingine, nalo naliogopa zaidi kwa sababu huja na vazi la elimu. Watu wakisikia kwamba alama hizi zaweza kupotezwa au kuwekwa na mambo yapatikanayo kwa mzazi, watasema mara moja: basi mama ndiye mwenye kosa, alikula nini, alihuzunika kwa nini, mtoto amekuwa hivi. Wengine wataiita laana ya ukoo iliyothibitishwa na maabara. Ni kweli kwamba katika wanadamu pia methili imo, na ni kweli kwamba njaa imeacha alama. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hata 1945 Wajerumani walizuia chakula kisifike magharibi mwa Uholanzi, na watu wengi wakafa kwa njaa. Miaka 60 baadaye waliotungwa mimba katika njaa ile walichunguzwa, na mwaka 2008 ilitangazwa ya kuwa katika jeni moja ya kukua walikuwa na methili pungufu kuliko ndugu zao wasiotungwa wakati huo. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwapo. Sasa nauliza: nani katika habari hii ni mwenye kosa? Je, ni mama aliyetafuta maganda ya viazi barabarani? Tena kuna tofauti kubwa baina ya mti na mtu ambayo wasemao laana ya ukoo hawaijui. Katika mimea alama nyingi hupita katika mbegu kwenda kwa watoto. Katika mwanadamu alama nyingi sana hufutwa mwanzoni mwa mimba, na mtoto huanza kuandikiwa upya.

Mti hauwezi kutubu wala kukataa. Mtu, hata akiwa na alama gani, husimama mbele ya mali ya mwenziwe na kuamua kunyosha mkono au kuurudisha. Sitaki kuyachanganya mambo hayo mawili. Nalitumia jambo la mti kwa kazi moja tu, kuuondoa mkononi mwa mshitaki ushahidi ambao hakuwa nao, yaani kwamba akiona tunda amekwisha kuijua mbegu.

Imebaki habari ya mashamba. Tangu mwaka 2015 yawezekana kuchukua kipande kidogo cha jani la mche ungali kitaluni, kupima methili mahali pale, na kujua mapema kama utazaa joho. Ulio mbaya hutupwa, na mkulima hapotezi miaka yake 3. Kwa miche ni kazi njema. Hakuna wa kuulilia mche. Lakini kabla ya kipimo hicho miti yenye joho ilijulikana kwa macho tu, na mingi iling'olewa mara ilipoonekana. Mingine iliachwa, kwa bahati au kwa uvivu. Katika hiyo iliyoachwa, wataalamu walikuta baadhi ambayo miaka ilipopita ilirudi yenyewe kuzaa matunda mazima. Nao walipoipima waliona kwamba methili imerudi mahali pake. Iliyong'olewa hakuna ajuaye ni mingapi ingerudi.